Chirico hakutabiri jeraha la Apollinaire

Kila muhula nikionyesha picha ya Chirico ya mshairi Apollinaire, mkono unanyooka darasani: "Mwalimu, si ndiyo ile iliyotabiri risasi ya kichwani?" Kwanza haikuwa risasi, kilikuwa kipande cha kombora. Na haikutabiri chochote.

Giorgio de Chirico alimchora mshairi Guillaume Apollinaire mjini Paris katika majira ya machipuko ya 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Juu, kwenye anga ya kijani, kichwa cha mshairi kimechorwa kama kivuli cheusi cha upande, na kichwani humo pana nusu duara nyeupe. Machi 17, 1916, Apollinaire akiwa handakini anasoma jarida, kipande cha kombora kikatoboa kofia yake ya chuma, kikamjeruhi kwenye panja. Hapo ndipo watu waliporudi kwenye picha na kuiita "ya utabiri". Jeraha lilitangulia, jina likafuata.

Ile nusu duara ni shabaha. Kivuli chenyewe kimekatwa kama vile vibao vya umbo la mtu ambavyo watu hulipa senti kuvilenga kwa bunduki kwenye viwanja vya burudani. Mwaka huohuo Chirico alikuwa akichora sanamu na wanasesere wasio na nyuso. Mtu aliyegeuzwa kitu ndiyo ilikuwa lugha yake. Apollinaire naye, wakati anachorwa, hakuwa askari wala raia wa Ufaransa. Alijitolea mwenyewe, akaanzia kwenye mizinga Desemba 1914, kisha akaomba kuhamia askari wa miguu. Mchoraji angeyajuaje hayo? Vichwa vilijeruhiwa kila siku katika mahandaki yale, ndiyo maana Wafaransa waligawiwa kofia za chuma mwaka 1915. Chora wanaume mia wa Paris, kila mmoja na alama kichwani: hatakosekana wa kurudi na kovu, na huyo ndiye tungemsimulia.

Ushauri wangu, na wanafunzi wameuchoka: ziba lebo kwa kiganja, tazama picha dakika tano, ndipo usome jina.

Ukitazama hivyo hutarudia kosa la pili, la kudhani kwamba ile sanamu nyeupe yenye miwani myeusi, iliyo mbele ya picha, ndiyo Apollinaire. Mshairi ni kile kivuli cha nyuma. Sanamu wengi huisoma kama Orfeo, mshairi na mwimbaji wa ngano za Kigiriki, au mwonaji kipofu wa Kigiriki, na yule samaki na kombe la baharini walio pembeni, kama kalibu za jikoni, wanakumbusha kwamba Apollinaire alikuwa amechapisha mashairi ya wanyama yanayomhusu Orfeo mwaka 1911.

Kwamba alikufa kwa jeraha? Hapana. Lilimdhoofisha, lakini kilichomuua ni homa ya mafua ya 1918, Novemba 9, siku mbili kabla ya bunduki kunyamaza.

Na tafadhali, usiniandikie kwenye mtihani kwamba ni picha ya kisurealisti, yaani ya ule mtindo wa sanaa unaofuata ndoto. Neno hilo Apollinaire mwenyewe alilitunga mwaka 1917, na ilani ya kundi la wasurealisti ikatoka 1924, miaka kumi baada ya rangi kukauka.