Kusi, deni na kifua kinachobana: maswali na majibu kuhusu msongo wa mawazo

Mume wangu ni mvuvi hapa Lamu. Kusi likikolea hasemi na mtu, halali, watoto wakicheza kidogo tu anafoka. Ni tabia yake au ni maradhi?

Huenda si tabia, na bado hayajafika kuwa maradhi. Kati ya Aprili na Septemba, msimu wa upepo wa kusi, bahari ya nje huchafuka, na mwenye chombo kidogo hubaki karibu na mikoko akiambulia samaki wa kitoweo. Deni la dukani halingoji msimu wa kaskazi. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini: moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi huruka. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon aliieleza hali hii mwaka 1915 kuwa ni mwili kujiandaa kupigana au kukimbia. Mtu aliyepindukiwa na mashua inamwokoa. Lakini mwenye deni la unga atapigana na nani, na akimbilie wapi? Mwili hukaa tayari kwa vita visivyokuja, na wanaopigiwa kelele ni watoto.

Mbona mwezi wa Aprili alikuwa sawa, na sasa Julai ndiyo ameharibika?

Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi kuhusu panya waliopewa mateso ya namna mbalimbali: baridi, majeraha, sumu. Mateso yalitofautiana, miili ikajibu kwa namna moja. Alizieleza hatua tatu: kushtuka, kustahimili, kisha kuishiwa. Hatua ya pili ndiyo inayodanganya watu wa nyumbani. Homoni ya kotisoli humpa mtu nguvu za kuendelea, anaonekana mzima, mnasema amezoea. Hajazoea. Msongo ukiendelea miezi, usingizi huharibika, presha hupanda na kinga ya mwili hupungua.

Jirani yetu naye ni mvuvi, ana deni kama letu, lakini kila jioni yuko barazani anacheka. Kwani mume wangu ni dhaifu?

Hapana, na tafadhali usimwambie hivyo. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984, walisema msongo haukai ndani ya tukio peke yake. Mtu hujiuliza mawili, mara nyingi bila kujua: jambo hili linanitishia nini? Na nina nini cha kulikabili? Jirani huyo pengine ana kaka Mombasa anayemtumia pesa, au shamba huko Hindi, upande wa bara wa Lamu, au anajua kuziba mashua na huitwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, kufanya kazi. Upepo ni mmoja, akiba si moja. (Na anayecheka barazani si lazima awe salama. Wako wanaocheka huko na kukesha nyumbani.)

Watafiti hao walitenga njia mbili za kukabili: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuituliza hisia. Sisi huku ni hodari wa ile ya pili. Tunamwambia mtu asubiri, aswali, ashukuru, na kwa kweli humtuliza. Lakini subira haiendi kuzungumza na mwenye duka. Kusi haliondoki kwa kuombwa. Deni linaweza kugawanywa likalipwa kidogo kidogo hadi Oktoba, mkienda mapema kuliko kungoja mdai abishe hodi. Yaliyo mikononi mwenu yashughulikieni, yasiyokuwamo ndiyo ya kutulizia moyo. Watu wengi huyageuza haya mawili.

Lakini si kuna watu wa hasira tangu kuzaliwa?

Wapo wepesi wa wasiwasi na hasira, na sehemu ya wepesi huo hurithiwa. Madaktari wa moyo Friedman na Rosenman wa San Francisco walidai katika miaka ya 1950 kwamba mtu wa haraka na mashindano hupata zaidi maradhi ya moyo. Tafiti zilizofuata zililipunguza dai hilo. Kilichobaki na uzito ni chuki na hasira ya kudumu. Haraka peke yake haina kosa kubwa.

Anatafuna muguka, anasema unampunguzia mawazo.

Unamwongezea. Muguka, majani ya jamii ya miraa, una kathinoni, kemikali ya jamii ya amfetamini, inayopandisha presha, kuuharakisha moyo na kufukuza usingizi. Mwaka 1962 wanasaikolojia Schachter na Singer waliwadunga wanafunzi adrenalini, wengine bila kuambiwa itawafanya nini. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu akihisi moyo unadunda na hajui sababu, huitafuta katika yaliyomzunguka. Matokeo yao yamebishaniwa sana, lakini hilo la kutafuta sababu mtafunaji analijua. Saa nane usiku moyo unadunda kwa muguka, yeye anaona ni deni.

Harusi nayo inaleta msongo?

Inaleta. Madaktari wa akili Holmes na Rahe, mwaka 1967, walipanga matukio 43 ya maisha kwa alama: kufiwa na mume au mke 100, kuoa au kuolewa 50. Na hawakuwahi kugharimia harusi ya Lamu.

Mawazo yamempa vidonda vya tumbo?

Wengi wanaamini hivyo, na Selye aliamini. Lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha miaka ya 1980 kwamba chanzo kikubwa ni bakteria, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na aspirini. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, ila bakteria hauawi kwa kupumzika. Apimwe.

Kusomewa na kunywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani) kunafaa?

Kisomo humtuliza anayeamini, na kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hupunguza mwendo wa moyo. Sharti ni moja: kama anatumia vidonge vya presha, asiviache.

Lini tumpeleke hospitali?

Kifua kikibana na maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, au akikosa pumzi, pelekeni saa hiyo hiyo. Msiseme ni mawazo. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukipita wiki mbili, aende hospitali ya King Fahad mjini Lamu, au Faza na Mpeketoni kwa walio karibu nako. Akisema anatamani kufa, muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni kamba, dawa na sumu ya wadudu, kisha mtafuteni mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, hata kama ni lazima kukodi boti.