"Njia Tunayo Tayari, Wewe Tuandikie Ripoti Tu": Dhana Potofu Kuhusu Vibali vya Bomba la Gesi

Simu ya Jumatatu ilikuwa ya tatu mwezi huu. "Mtaalamu, njia ya bomba tunayo tayari, mhandisi ameshaichora. Wewe tuandikie tu ile ripoti ya NEMC, tupate cheti, tuanze kuchimba." Nikamwomba mchoro. Ukaja kwa WhatsApp baada ya dakika mbili: picha ya setilaiti ya kipande cha Mkoa wa Pwani, na juu yake mstari mwekundu kutoka bomba kuu hadi kiwandani. Hauna kona hata moja. Aliyeuchora hajakanyaga huko.

Mimi ni mtaalamu elekezi wa mazingira, na katika yote ninayoambiwa kuhusu mabomba ya gesi, hili ndilo linalonipandisha presha. Ripoti anayoitaka ni ya tathmini ya athari kwa mazingira, inayopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na wateja wengi wanaichukulia tathmini hiyo kama kadi ya harusi: inachapwa mahari imeshalipwa na tarehe imeshatajwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inasema kinyume. Tathmini inafanyika kabla mradi haujaanza na kabla haujagharimiwa. Tena ripoti inatakiwa kuonyesha njia mbadala zilizopimwa na kwa nini zimeachwa. Sasa niambie, kama mabomba yameshaagizwa kwa urefu wa mstari ule ule, nikapime njia mbadala ipi? Nitaitunga? Wapo wanaozitunga, na wakaguzi wanazijua tangu ukurasa wa kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya namna hii: kilomita 14 za bomba la inchi 16 la kupeleka gesi kwa mteja mmoja. Mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, ulishawekewa vigingi. Tulipita kwa miguu mwezi wa Oktoba, jua kali, ardhi imepasuka. Karibu na kilomita ya sita tukashuka kwenye bonde pana la nyasi kavu, hakuna hata tone la maji. Mhandisi akafurahi, akasema hapa mtaro utachimbwa kwa siku mbili. Mimi niliona mgono umetundikwa kwenye tawi la mwembe, usawa wa kifua changu. Mgono ni wa kuvulia samaki. Nikamuuliza mzee aliyekuwa anachunga mbuzi pale mgono unafanya nini shambani. Akanitazama kama mtoto. "Mjukuu wangu, Aprili hapa tunapita na mtumbwi."

Yule mhandisi naye akanyamaza, maana hesabu yake aliijua. Bomba la chuma la inchi 16 lenye unene wa kawaida wa milimita tisa na nusu lina uzito wa kama kilo 93 kwa mita. Likizama kwenye maji linasukumwa juu kwa kama kilo 130 kwa mita, na gesi iliyomo ndani haiongezi uzito wa maana. Kwa hiyo linaelea. Ardhi ya bonde ikilowa ikawa uji, bomba linaanza kupanda polepole kutoka kwenye mtaro wake, na siku moja mtu anaenda shamba anakuta mgongo wa chuma umechomoza. Dawa zipo: kulivika zege, kulifunga uzito, kuchimba chini zaidi, kuchoronga chini ya bonde lote, au kulizunguka. Zote ni pesa, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye bajeti.

Tuliamua kuzunguka. Hapo ndipo gharama ya ule mstari ulionyooka ilipojitokeza. Njia mpya ilipita kijiji ambacho hakikuwahi kuitishwa mkutano. Mthamini alirudi kuhesabu mazao na nyumba upya. Yalikuwepo makaburi saba ambayo picha ya setilaiti haikuyaonyesha, na kuhamisha makaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969, kuna notisi, kuna ndugu wa kutafutwa, na kuna gharama za mazishi mapya. Kwenye kijiji cha njia ya kwanza, watu ambao nyumba zao zilipigwa alama ya X nyekundu walikuwa wameacha kuezeka na kupanda kwa msimu mzima wakisubiri fidia. Tukaenda kuwaambia hatupiti tena kwao. Sikumbuki mkutano mgumu kuliko ule.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mteja, hata asiponiuliza, ni kuitembea njia kwa miguu mara mbili, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika, kabla hujaagiza hata kipande cha bomba. Oktoba peke yake hudanganya. Na usitembee na mwenyekiti wa kijiji tu, ambaye atakupitisha barabarani kwa sababu umevaa viatu vizuri. Tembea na mchunga mbuzi, na mama anayejua kisima kipi hakikauki. Waulize walizika wapi.

Kuna hili jingine: "Cheti cha mazingira kikitoka, tuna ruhusa zote." Hamna. Cheti kinafungua mlango mmoja. Ujenzi wa bomba unahitaji idhini ya EWURA, ambao ndio wasimamizi wa gesi mkondo wa kati na wa chini, yaani kuanzia kuisafirisha hadi kumfikia mtumiaji. Ukivuka barabara kuu unaongea na TANROADS, barabara za mitaa ni TARURA, reli ni TRC, msitu wa hifadhi ni TFS. Mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari zinalindwa na kifungu cha 57 cha sheria ile ile, kwa hiyo kila unapovuka mto una la kujieleza. Na kibali cha ofisi hizo hakikupi ruhusa ya kuanza kazi bila cheti cha mazingira. Ninachowaudhi nacho wateja ni kuwataka wayaanze maombi haya yote pamoja. Mchoro wa kina cha mto anaoutaka mhandisi ndio huo huo nitakaouweka kwenye ripoti yangu. Kuulipia mara mbili ni hiari yako.

"Maji ya kupima bomba tutachota mtoni." Kwenye ratiba ya mkandarasi huwa mstari mmoja tu: kupima kwa maji, wiki moja. Bomba hujazwa maji na kutiwa shinikizo kabla ya gesi kuingia, ili kama kuna kiungo kibovu kipasuke na maji. Lile la kilomita 14 lilihitaji kama lita milioni 1.65. Hayo ni maboza 165 ya lita elfu kumi kumi. Ukiyavuta yote Septemba kwenye kijito ambacho vijiji viwili vinakitegemea, jioni hiyo hiyo utajua jina la diwani. Kuchota kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde la mto husika, na kuyamwaga baadaye ni kibali kingine, maana yanatoka na kutu na mabaki ya kuchomelea. Tena usiyamwage yote sehemu moja. Nimeshaona korongo lililochimbwa kwa siku moja.

"Mikutano ya kijiji ni soda na posho." Anayesema hivi akumbuke Mtwara, 2013. Bomba la inchi 36 la kuleta gesi Dar es Salaam lilikuwa mradi wa taifa, na kihandisi lilikamilika, likazinduliwa Oktoba 2015. Lakini Mei 2013 watu waliingia barabarani, mali zikachomwa, watu wakafa, na ugomvi haukuwa unene wa chuma wala kina cha mtaro. Watu walikuwa wanauliza gesi inaondoka Mtwara, Mtwara inabaki na nini. Muhtasari wenye sahihi ya mwenyekiti na mhuri haujibu swali hilo. Ukija na majibu ya ajira za kufyeka mkuza na nani atalipwa lini, mkutano utakuwa mrefu na utatukanwa kidogo. Ndiyo mkutano wenyewe huo.

"Gesi ni nishati safi, tathmini ya nini?" Ikiungua, ndiyo, inatoa kaboni kidogo kuliko makaa ya mawe. Ikivuja bila kuungua ni methani, na kwa kipindi cha miaka 20 methani hupasha joto anga kama mara 80 ya kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Na katapila linalofyeka mkuza haliulizi bomba litabeba nini.

"Likishafukiwa narudisha mikorosho yangu." Hapana, mama. Mizizi inakwangua ile ngozi ya kinga inayozuia kutu, na matawi yanamzuia mkaguzi kuona mkuza. Fidia ya mkorosho imehesabiwa kwa sababu haurudi. Kama hukuambiwa hivyo siku ya uthamini, aliyekuja hakufanya kazi yake, na una haki ya kukasirika.

La mwisho ni la bwana mmoja aliyenipokea ofisini kwake wiki iliyopita. Cheti chake cha mazingira kiko ukutani, kimewekewa fremu ya dhahabu na kioo, chini ya picha ya Rais. Alitaka kuanza kuchimba mwezi ujao. Nikasogea kusoma tarehe: mwaka wa tano sasa, na kule eneo la mradi hakuna hata kigingi kilichopigwa. Mradi usipoanza ndani ya miaka mitatu tangu cheti kitolewe, unarudi kuusajili upya. Nikamwomba akishushe tupige picha namba yake, na mchana ule tukafungua usajili.