Je, wajua kwa nini kijiji cha Wisconsin kinafanana na Uswisi?

Ukiingia New Glarus, kijiji cha watu kama 2,200 kusini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, unaweza kudhani umepotea njia. Mapaa mapana yametokeza mbele ya kuta, roshani zimepambwa maua mekundu, na bendera nyekundu yenye msalaba mweupe inapepea barabarani. Jibu la haraka ni kwamba kijiji kilianzishwa na Waswisi. Ni kweli, ila halitoshi. Waswisi walifika mwaka 1845, lakini sura hii ya Kiswisi, kwa sehemu kubwa, haijafikisha hata miaka 70.

Tuanze na safari yenyewe. Jimbo la Glarus huko Uswisi liko kwenye bonde jembamba la milimani. Mashine za nguo zilikuwa zimewanyang'anya wafumaji kazi, na mashamba hayakutosha kuwalisha watu wote. Mamlaka za vijiji zikaona heri kuchangia nauli watu waondoke. Wajumbe wawili, Niklaus Dürst na Fridolin Streiff, wakatangulizwa kutafuta ardhi. Ajabu ni kwamba wenzao, zaidi ya 190, waliwafuata Aprili 1845 kabla hata ardhi haijapatikana! Walipofika mji wa St. Louis, kando ya mto Mississippi, hawakuwakuta wajumbe, ikabidi watume watu kuwatafuta. Kumbe wajumbe walikuwa Wisconsin, wameshanunua ekari 1,280. Kundi likapanda mto huo hadi mji wa Galena, kisha likakata nchi kavu. Waliofika Agosti walikuwa 108. Baadhi walifariki njiani, wengine walipata riziki mahali pengine wakabaki huko.

Ardhi ikagawanywa kwa kura, ekari 20 kwa kila kaya. Isisahaulike kwamba eneo hilo lilikuwa la Waho-Chunk, wenyeji asilia wa Marekani, walioondolewa kwa mikataba ya miaka ya 1820 na 1830, muda mfupi tu kabla ya Waswisi kuingia.

Walilima ngano kama majirani zao. Baadaye ardhi ikachoka, wadudu wakavamia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1860 wengi wakageukia ng'ombe wa maziwa na jibini, kazi waliyoijua tangu kwao. Wilaya yao, Green County, ikapata jina kwa jibini la Limburger, ambalo harufu yake ni ya soksi zilizovuliwa jioni. Wanaolipenda husema ladha yake ni nyingine kabisa. Mimi nawaachia wenyewe.

Kwa miaka mingi nyumba za kijiji zilikuwa za kawaida tu, kama za mji wowote mdogo wa Marekani. Uswisi ulikuwa ndani: kwenye lugha, kanisani, kwenye nyimbo na jikoni. Mapema kabisa alijitokeza Edwin Barlow, aliyejenga nyumba ya mtindo wa Kiswisi mwaka 1937. Mwaka uliofuata wanakijiji wakaanza kuigiza kila mwaka kisa cha Wilhelm Tell, yule shujaa wa Uswisi aliyelazimishwa kupiga kwa mshale tufaha lililowekwa kichwani mwa mwanawe. Wageni wakaanza kumiminika.

Pigo likaja mwaka 1962. Kiwanda cha maziwa ya kopo cha Pet Milk, tegemeo la ajira na soko la wafugaji, kilifungwa. Wafanyabiashara wakakaa chini wakajiuliza: tuna nini cha kuuza? Walikuwa na asili yao, na watalii walishaonyesha kwamba wako tayari kuilipia. Wakaanza kubadilisha sura za maduka: mbao za kuchongwa, roshani, masanduku ya maua. Siku hizi kanuni za ujenzi za kijiji zenyewe zinataka majengo ya biashara yafuate mtindo huo.

Kwa hiyo asili ni ya kweli, ila vazi lilishonwa baadaye, kwa ajili ya mkate wa kila siku. Tena halikushonwa kwa kipimo cha Glarus. Nyumba za mapaa mapana na roshani za kuchonga zinahusishwa zaidi na jimbo jingine la Uswisi, Bern. Mji wenyewe wa Glarus uliungua Mei 1861, karibu majengo 600 yakateketea, na ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka na nyumba za mawe zenye kuta bapa. Mtalii akitoka New Glarus kwenda kutafuta nakala ya awali huko, hataiona.