Besi ya saikedeliki ni nini? Jibu limo katika vidole vya Phil Lesh

Besi ya saikedeliki ni namna ya kupiga gitaa la besi iliyochipuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Mpigaji haishii kushikilia msingi wa wimbo. Anabuni sauti yake mwenyewe na kujibizana na magitaa mengine papo hapo, wimbo ukiendelea. Waliopiga hivyo ni wengi, lakini nikiulizwa maana yake humtaja mmoja: Phil Lesh wa Grateful Dead, bendi ya California.

Neno saikedeliki lilibuniwa mwaka 1956 na daktari wa akili Mwingereza, Humphry Osmond, akiwa kazini Kanada. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la nafsi na jingine la kudhihirisha, akitafuta jina la dawa kama LSD ambazo hubadilisha jinsi mtu anavyoona, anavyosikia na anavyohisi muda. Miaka kumi baadaye lilikuwa limehamia kwenye muziki. Mwishoni mwa 1965 Grateful Dead walianza kupiga katika Acid Tests, mikesha ya mwandishi Ken Kesey na wenzake, ambako LSD ilitumiwa waziwazi kwa kuwa California ilikuwa bado haijaipiga marufuku. Marufuku ilikuja Oktoba 1966. Katika mikesha ile hakuna aliyesubiri wimbo wa dakika tatu. Bendi ingeweza kuvuta wimbo mmoja muda wote iliotaka, au isipige kabisa.

Lakini dawa haimfundishi mtu besi. Lesh, aliyezaliwa Berkeley tarehe 15 Machi 1940, alianzia kwenye fidla, akahamia tarumbeta, kisha akasomea utunzi Mills College kwa mtunzi Mtaliano Luciano Berio, darasa moja na mtunzi Steve Reich. Baadaye aliendesha gari la posta ili apate riziki. Mwaka 1965 rafiki yake Jerry Garcia, mpiga gitaa, akamwomba aingie kwenye bendi iliyokuja kuwa Grateful Dead, wakati huo ikiitwa Warlocks, apige besi. Alikuwa hajawahi kuipiga. Kwangu mimi hapo ndipo siri yote ilipo: hakuwa na mazoea ya wapiga besi wa roki, kwa hiyo alilipokea gitaa lile kwa masikio ya mtu aliyelelewa na muziki wa Bach.

Vaa hedifoni usikilize "Dark Star" ya kwenye albamu Live/Dead ya 1969, dakika 23 za muziki uliorekodiwa mbele ya watu. Mpiga besi wa kawaida hutua kwenye noti mama katika pigo la kwanza, kila mzunguko, ili wenzake wajue walipo. Lesh mara nyingi huliacha pigo hilo lipite. Anaingia nyuma yake, anapanda hadi noti ambazo ungezitarajia kwenye gitaa la solo, anamfuata Garcia, anamkatiza, anamwachia nafasi. Hudonoa nyuzi kwa kijipande kigumu, ndiyo maana kila noti yake ina ncha. Halafu ghafla anashuka chini kabisa na kuachia noti moja nzito. Mashabiki waliziita noti hizo mabomu. Wako wanaolalamika kwamba besi ya hivyo huuacha wimbo bila nguzo, na kwa nyimbo za kucheza wana haki. Hapa nguzo hubebwa na ngoma, na besi inakuwa huru kusema.

Mwaka 1974 uhuru huo ulipewa mitambo yake. Bendi ilijenga ukuta wa spika karibu 600 nyuma ya jukwaa, na besi ya Lesh iliweza kugawanywa ili kila uzi kati ya nyuzi zake nne uwe na spika zake. Uzi mnene wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake la sauti lina urefu wa mita 8 na ushee. Sauti kama hiyo huipokea kwa kifua kabla ya sikio. Ukuta ule ulikuwa ghali mno kusafirisha, ukaachwa mwaka huohuo.

Utunzi wake ninaoupenda kuliko yote ni "Box of Rain" wa 1970. Alitunga muziki wote, akampa Robert Hunter, mtunzi wa mashairi ya bendi, aandike maneno, kwa sababu alitaka kuwa na wimbo wa kumwimbia baba yake aliyekuwa anakaribia kufa. Aliufanyia mazoezi ndani ya gari akienda kumwona mgonjwa. Kwenye rekodi yenyewe anaimba na kupiga gitaa la kawaida. Besi alipiga Dave Torbert.

Garcia alifariki Agosti 1995 na jina la Grateful Dead likapumzishwa. Miaka mitatu baadaye ini la Lesh lilikuwa limekwisha, akapandikizwa la kijana aliyefariki. Akarudi jukwaani na Phil Lesh and Friends, akibadilisha wapigaji mara kwa mara, na akaishi hadi 25 Oktoba 2024, miaka 84. Katika maonyesho yake yote hayo, kabla ya wimbo wa mwisho, alikuwa akiisogelea maikrofoni bila muziki wowote na kuwaomba watu wamgeukie aliye karibu nao, wamwambie kwamba wakifa wanataka viungo vyao wapewe wengine.