Ekwa, mzizi unaowalisha Wahadzabe

Katika mimea ya porini ninayoishughulikia kama mtaalamu wa mimea ya chakula, hakuna ninaouthamini kuliko Vigna frutescens, mmea unaoparamia vichaka ambao Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huuita ekwa. Ni wa jenasi moja na kunde, na undugu huo huonekana kwenye majani yake yenye vijani vitatu vitatu. Lakini kunde humaliza maisha yake ndani ya msimu mmoja, ilhali ekwa hudumu miaka mingi kwa sababu huweka akiba yake ya maji na wanga ardhini, mara nyingi katikati ya mawe.

Uchimbaji ni kazi ya wanawake. Mchimbaji hulifuata shina hadi linapoingia ardhini, hugonga udongo na kusikiliza mlio ili ajue mzizi umelala wapi, kisha huchokoa udongo na kubandua mawe kwa mti uliochongwa ncha na kukomazwa motoni. Mizizi huchomwa kwa dakika chache tu, muda usiotosha kuiivisha hasa, ila hulegeza ganda likamenyeka kwa urahisi. Ndani mna nyuzi ngumu, hivyo mlaji hutafuna, hufyonza, kisha hutema makapi. Anayepima lishe ya ekwa hana budi kuyaondoa makapi hayo kwanza, la sivyo atahesabu chakula kisichofika tumboni.

Wahadzabe wakiulizwa wanachokipenda zaidi, asali hushika nafasi ya kwanza na mizizi ya mwisho. Hata hivyo, asali ina majira yake na nyama hutegemea bahati ya mwindaji, lakini mizizi hupatikana mwaka mzima. Mwaka 1997 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walionyesha kwamba mama anaponyonyesha mtoto mchanga, ukuaji wa watoto wake wakubwa hufuata zaidi juhudi za bibi yao katika kutafuta chakula, na kutokana na hilo wakajenga hoja kuhusu sababu ya wanawake kuishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, lililo karibu na Ziwa Eyasi, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi. Kwa maoni yangu, kila mpango wa matumizi ya ardhi katika eneo hilo ungepaswa kuonyesha kwenye ramani maeneo ya kuchimba ekwa, kama unavyoonyesha malisho na vyanzo vya maji.