Wino wa Maji kwa Printa: Anza na Maji Kabla ya Rangi

Msimu wa kampeni au wa harusi ukikaribia, wachapaji wa Nasser Road na Nkrumah Road hapa Kampala hutuletea maabara swali lilelile: "Daktari, rangi za unga zinauzwa, gliserini iko duka la dawa, maji yako bombani. Kwa nini tuendelee kununua wino wa nje?" Wana haki ya kuuliza. Wino wa printa za kunyunyiza unaweza kutengenezwa Uganda. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kusaka rangi, na rangi katika wino huu kwa kawaida ni sehemu 3 hadi 6 tu kwa 100. Maji huchukua 60 hadi 80, na karibu kila balaa hutokea humo.

Tazama kazi ambayo wino unadaiwa. Kichwa cha printa kina mamia ya matundu, kila moja na upana wa maikromita 20 hadi 40 hivi, ilhali unywele wa mtu ni kama 70. Tone moja ni pikolita chache, na lita moja ina pikolita trilioni 1. Matone yatoke maelfu kwa sekunde, yaende moja kwa moja, yasilowanishe sahani ya matundu. Halafu printa ikizimwa Ijumaa jioni, wino usikaukie tunduni hadi Jumatatu, lakini wino huohuo ukigusa karatasi ukauke upesi. Maji matupu hayawezi kazi hiyo.

Kwanza jua printa yako ni ya aina gani. Printa nyingi za HP na Canon hutumia joto: kipashio kidogo hufika takriban nyuzi 300 kwa sehemu chache kati ya milioni za sekunde moja, povu la mvuke huzuka na kulisukuma tone nje. Za Epson hutumia kauri inayojipinda ikipata umeme, bila kuchemsha kitu. Uchafu usio na madhara kwenye kichwa cha kauri huweza kugandia kwenye kipashio kama ukoko wa ugali, na siku si nyingi tundu hilo halitemi tena. Mnato, yaani uzito wa wino unapotiririka, nao ni tofauti. Maji kwenye nyuzi 20 yana mnato wa milipaskali-sekunde 1. Vichwa vya joto vingi hutaka 1 hadi 3, vya kauri vya ofisini 3 hadi 5, na mitambo ya viwandani huweza kufika 10 au zaidi. Muuzaji anayesema chupa yake inafaa printa zote, mwulize kipimo cha mnato. Wengi hawana.

Sasa maji yenyewe. Ya bomba yana klorini, ambayo hupausha baadhi ya rangi. Ya kisima mara nyingi huwa na kalisi na magnesi, na madini haya hushikana na molekuli za rangi zikawa chembe zisizoyeyuka. Kuchemsha huua vijidudu na kufukuza hewa, lakini chumvi nyingi hubaki. (Hapa Kampala, kwenye mita karibu 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Wanafunzi hudhani hilo litaharibu printa za joto; haliharibu, kwa sababu kipashio hupita mbali sana juu ya kiwango hicho.) Maji ya betri ya vituo vya mafuta hutofautiana chupa hadi chupa. Nunua kipimo kidogo cha upitishaji umeme, ambao hupanda chumvi zikiwa nyingi majini. Kikisoma zaidi ya maikrosimensi 5 kwa sentimita, maji hayo yaache kwa betri.

Kwenye maji safi unaongeza kitu cha kushika unyevu: gliserini, glaikoli, au mchanganyiko wa vyote viwili, sehemu 15 hadi 25 kwa 100. Hicho ndicho kinachozuia tundu kukauka, na pia hupandisha mnato. Ukizidisha, kadi ya harusi itapaka vidole vya wageni. Gliserini hunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo fomula iliyotulia Entebbe kando ya ziwa inaweza kuziba Moroto wakati wa kiangazi. Ijaribu kule itakakotumika.

Kisha safaktanti, yaani kitu cha kupunguza mvutano wa uso wa maji, chini ya sehemu 1 kwa 100. Mvutano wa uso wa maji ni milinyutoni 72 kwa mita, na wino hutaka 30 hadi 40 hivi ili ujaze njia za kichwa na kuingia kwenye karatasi. Sabuni ya vyombo haifai. Ina chumvi, na povu lake litakutesa. Weka pia bafa ya kushikilia pH (kipimo cha uasidi) kati ya 7 na 9, na dawa ya kuzuia ukungu. Wengi huiruka hii ya mwisho wakiona ni gharama bure, mpaka siku watakapokuta ute unaoteleza chini ya chupa.

Tukija kwenye rangi, kuna zinazoyeyuka na kuna pigimenti, ambazo ni chembe zinazoelea. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuacha pigimenti kwa sasa. Chembe zake hutakiwa kuwa karibu nanomita 100, na zinahitaji kinu cha shanga na polima ya kuzitenganisha. Zikishikana zikawa na upana mara mbili, huzama mara nne haraka zaidi. Usichanganye kamwe wino wa pigimenti na wa rangi iliyoyeyuka katika tangi moja, maana chumvi za huo wa pili huweza kuzigandisha chembe papo hapo. Wino wa kuchapia vikombe na fulana nao ni wa maji, ila rangi zake huhamia kwenye poliesta kwa pasi ya nyuzi 190 hadi 200. Pamba haizishiki.

Rangi za unga za nguo na za vyakula zina siri ambayo lebo haisemi: mara nyingi huongezewa chumvi ili kila gunia liwe na nguvu ileile. Chumvi hiyo huziba matundu na kula metali. Namna rahisi ya kuibaini ni kuyeyusha rangi katika maji na gliserini, kudondosha tone moja kwenye kioo safi na kulifunika lisipate vumbi. Asubuhi litazame kwa lenzi. Wino safi hubaki utando laini unaoteleza. Wenye chumvi huonyesha punje zinazometa ukingoni mwa tone.

Koroga polepole, safaktanti iingie mwisho, kisha chuja kwa chujio la maikromita 0.45. Kitambaa kitakuongezea nyuzi. Vaa glavu, na glaikoli za viwandani zikae mbali na jiko na dawa: mwaka 2022 watoto wa Gambia walikufa baada ya kunywa sharubati za kikohozi zenye dayethileni glaikoli na ethileni glaikoli. Mabaki ya wino usiyamwage mtaroni, kwa sababu mitaro ya katikati ya Kampala huingia Nakivubo, na Nakivubo huingia Ziwa Victoria.

Kwa karakana inayotaka kuingia kazi hii, bidhaa ya kwanza iwe maji ya kusafishia vichwa, yaani fomula yote bila rangi. Soko lake lipo, kwani kila mtaa una printa zilizoziba. Yatie kwenye printa ya zamani, endesha usafishaji wa kichwa mara mbili tatu, uiache wiki mbili bila kuigusa. Kisha tia wino wa kawaida na chapisha karatasi ya kupimia matundu. Mistari ikitoka yote bila mapengo, hapo nenda ukanunue rangi.