Kabla hamjanitumia ratiba nyingine ya warsha

Wiki hii nimetumiwa ratiba ya warsha ya siku mbili. Imeshapangwa, mimi naombwa nije tu kuiendesha. Saa tatu World Café, mazungumzo ya kuhamahama meza. Baada ya chai, Open Space, ambapo washiriki hujipangia mada wenyewe. Mchana kuchora ramani ya kijiji, kesho yake mazungumzo ya duara, kisha maazimio. Kila kipindi kinaishia na "mrejesho wa vikundi", yaani katibu wa kila kikundi anawasomea wote waliyozungumza. Barua iliyoambatana nayo inasema mbinu zimechanganywa ili ushirikishwaji uongezeke. Barua za namna hii nimezisoma mara nyingi mno, na safari hii najibu hadharani.

Mbinu za mazungumzo hazijumlishwi kama michango ya harusi. Kila moja ina kazi yake, na kazi hiyo inategemea iliyotangulia imeacha nini. Ukizipanga foleni bila kujiuliza kinachotoka kwenye hii kinaingiaje kwenye ile, umewachosha watu mara tano.

Chukueni World Café. Ilianza 1995 nyumbani kwa Juanita Brown na David Isaacs, California, siku ambayo mvua iliwazuia wageni kukaa nje, wakaishia kwenye meza ndogondogo zilizotandikwa karatasi. Watu wanne au watano kwa meza, swali moja, kama dakika 20, kisha wanatawanyika kila mmoja na meza yake, anabaki mwenyeji tu. Ikifika duru ya tatu, mawazo yameshazunguka ukumbi mzima vichwani mwa watu. Sasa kwa nini baada ya duru ya kwanza tu mnasimamisha kila kitu ili makatibu wasome mabango kitita, zile karatasi kubwa za ukutani?

Mrejesho unanikera kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo. Vikundi 6, dakika 10 kila kimoja: saa nzima imekwisha. Kikundi cha kwanza kinasikilizwa. Cha tatu kinaanza na "wenzetu wameshasema mengi". Kikifika cha tano, watu wako kwenye simu. Lakini kubwa zaidi ni kile kinachopotea pale katibu anaposhika kalamu. Kikundini mama mmoja alisema lambo likichimbwa upande ule, ng'ombe watapita kwenye mpunga wake. Mzee mmoja akambishia. Wakavutana robo saa, na kila aliyekuwa pale akaelewa jambo ambalo asubuhi hakulijua. Kwenye bango kitita pameandikwa: "Uhaba wa maji ya mifugo." Ubishi umefutwa, na mafunzo yalikuwa ndani ya ubishi. Mkilazimika kuwa na mrejesho, ulizeni kila kikundi swali moja: mlitofautiana wapi? Kisha nyamazeni, waacheni wajibu.

Open Space ni habari nyingine. Harrison Owen aliianzisha 1985, baada ya kuandaa mkutano mkubwa ambao sehemu yake iliyosifiwa zaidi ilikuwa mapumziko ya kahawa. Watu wanakaa duara, ukuta ni mtupu, mwenye jambo linalomgusa anasimama, analiandika, analibandika na anawajibika nalo. Ukiifungua asubuhi ya kwanza, wanaosimama ni waliokuja na ajenda mfukoni: mwenye trekta, kiongozi, aliyesoma. Mimi hutanguliza meza za World Café, ili ukuta unapofunguliwa hata aliyekuja mikono mitupu awe ameshapata la kusema.

Na kabla ya meza huweka vikundi vya faragha. Kwenye kijiji kimoja cha Morogoro, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, wanawake, vijana wa mifugo na wazee wa mashamba walichora ramani zao ardhini kwa majivu na mawe, kila kundi peke yake. Ramani ya wanawake ilikuwa na njia ya kwendea mtoni ambayo kwenye ramani nyingine haikuwepo. Ilikuwa imezibwa na shamba la mtu mwenye sauti kijijini. Nikazinakili ramani zote kwenye karatasi na siku ya pili nikazitandika mezani. Sikuwauliza wanawake kwanza. Mchana wake zikaanza sauti: nani kachora njia hii? Wawili hawakurudi siku ya tatu. Hilo nalibeba mpaka leo. Tangu hapo, kinachotoka kwenye kundi la faragha kwenda kwa wote hutoka kwa idhini ya wenyewe, na wao ndio huamua nani atakisema.

Kuna mambo ambayo bado sijayatatua. Open Space ina kanuni ya miguu miwili: ukiona hujifunzi wala huchangii, ondoka, nenda kwenye mada nyingine. Nimemwona binti akikaa saa nzima kwenye mada isiyomhusu kwa sababu aliyekuwa akizungumza ni baba mkwe wake. Nimejaribu kupiga kengele ili wote wahame kwa pamoja. Inasaidia kidogo, ila sina hakika kama hapo mbinu imebaki ile ile. Wala siwezi kuapa kwamba mabadiliko niliyoyaona vijijini yaliletwa na mazungumzo yetu, na kwamba yasingekuja kama tusingekutana.

Ila maazimio ya warsha peke yake hayana nguvu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya juu kabisa kuhusu sera za kijiji. Nao ni mazungumzo ya kikundi, na kwenye ratiba zenu sijawahi kuuona.

Kwa hiyo ratiba nimeirudisha. Mirejesho yote nimeifuta, duara nimeliondoa, nimebakiza vikundi vya faragha, meza na ukuta. Naomba tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji, na jibu la mwenyekiti na mtendaji kama mada za ukutani zitaingia kwenye ajenda yake. Nikishaipata tarehe hiyo, tutahesabu kurudi nyuma na kupanga siku zetu.